Petroli yenye ethanoli na funzo la mifereji ya Barking

Jumatatu ya tarehe 30 Agosti mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu yake jijini Nairobi, lilitangaza kwamba petroli yenye madini ya risasi haiuzwi tena kwa magari ya kawaida katika nchi yoyote duniani. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, mwezi Julai mwaka huo. Siku mbili baada ya tangazo hilo, tarehe 1 Septemba, vituo vya mafuta vya England, Scotland na Wales vilianza kuuza petroli ya kawaida ya aina mpya, E10, ambayo huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10.

Hivyo basi, katika wiki hiyo moja, kiungo kimoja cha petroli kilizikwa na kingine kikapewa nafasi kubwa zaidi. Ethanoli ni ileile pombe inayopatikana katika vinywaji, na hutengenezwa kwa miwa, mahindi, ngano au molasi. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kuwa petroli iliyochanganywa nayo ni petroli iliyopunguzwa sumu, na kwamba mabaki yake yakimwagwa nyuma ya nyumba hayana neno.

Mji wa Barking, ulioko mashariki mwa London kwenye ukingo wa mto Roding, una historia inayokanusha dhana hiyo. Miongoni mwa wakazi wake wa leo wamo watu wengi wenye asili ya Afrika, wakiwemo Waafrika Mashariki. Lakini kwa zaidi ya miaka 150 mji huo umejulikana kwa jambo jingine: uko mahali ambapo uchafu wa London unafikia mwisho wa safari yake.

Mji ulioko mwisho wa mfereji

Hadi katikati ya karne ya 19, Barking ulikuwa mji wa wavuvi. Merikebu zake zilivua katika Bahari ya Kaskazini, na samaki wake waliliwa London nzima. Reli ilipoanza kusafirisha samaki kwa haraka kutoka bandari za pwani ya mashariki, wamiliki wa merikebu walihamia huko, na kando ya mto Roding vikaanza kujengwa viwanda. Mwaka 1857 John Bennet Lawes alifungua kiwanda cha mbolea za kemikali mahali paitwapo Creekmouth, ambapo Roding unaingia katika mto Thames.

Wakati huohuo London ilikuwa ikisumbuliwa na kipindupindu na harufu mbaya ya mto wake. Mhandisi Joseph Bazalgette alipewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ya kuondoa majitaka katikati ya jiji. Mfereji mkuu wa upande wa kaskazini ulianza kazi mwaka 1864, na mdomo wake uliwekwa karibu na Barking. Majitaka yalihifadhiwa katika mabwawa, kisha yakafunguliwa mara mbili kwa siku maji ya mto yalipoanza kupwa, ili yachukuliwe kuelekea baharini. Hayakusafishwa kwa namna yoyote.

Kwa jiji la London hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa Barking yalikuwa balaa. Kabla ya muongo huo kwisha, wakazi wa mji huo walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko yao serikalini, wakieleza kuhusu harufu, tope lililojaa kingoni mwa mto na hofu ya maradhi. Uchunguzi ulifanyika, lakini mabomba yaliendelea kumwaga.

Tarehe 3 Septemba 1878, jioni, meli ya abiria Princess Alice iligongana na meli ya makaa ya mawe Bywell Castle katika sehemu ya mto Thames iitwayo Gallions Reach, si mbali na midomo ya mifereji hiyo. Zaidi ya watu 600 walikufa. Majitaka yalikuwa yamefunguliwa muda mfupi kabla ya ajali, na walionusurika walieleza juu ya maji mazito yenye harufu na ladha ya kuchukiza. Baadaye Tume ya Kifalme ilichunguza suala zima la majitaka ya London, na mitambo ya kutenganisha tope na maji ikajengwa Barking, na pia Crossness, ng'ambo ya mto. Tangu mwaka 1887 meli maalumu zilikuwa zikichukua tope hilo na kwenda kulimwaga baharini. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1998.

Mtambo ulioanzia hapo sasa unaitwa Beckton, na ndio mtambo mkubwa kuliko yote ya kusafisha majitaka nchini Uingereza. Unahudumia watu wapatao milioni 4. Handaki jipya la majitaka lililochimbwa chini ya mto Thames, ambalo liliunganishwa kikamilifu mwaka 2025, nalo hupeleka maji yake hukohuko. Kwa hiyo kinachomwagwa katika sinki la nyumba iliyoko katikati ya London huweza kufika jirani na Barking. Hakipotei; kinahama tu.

Benzoli, pombe na risasi

Jina la Beckton lilitokana na Simon Adams Beck, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya gesi iliyofungua kiwanda kikubwa hapo mwaka 1870. Kiwanda hicho kilipika makaa ya mawe ili kupata gesi ya taa na majiko ya London. Kutokana na mabaki ya kazi hiyo zilipatikana bidhaa nyingine: lami, amonia, na kimiminika chepesi kiitwacho benzoli.

Magari yalipoanza kuongezeka, wahandisi walikabiliwa na tatizo la injini kugonga. Petroli ya wakati huo ililipuka ndani ya injini kabla ya wakati wake, injini ikapoteza nguvu na vyuma vyake vikaharibika. Ilihitajika kitu cha kuchanganya nayo ili iungue kwa utaratibu. Njia tatu zilijulikana mapema: benzoli, pombe, na baadaye risasi.

Nchini Uingereza kampuni ya National Benzole iliundwa mwaka 1919 ili kuuza benzoli ya viwanda vya gesi na vya makaa, na baadaye iliiuza ikiwa imechanganywa na petroli. Injini ziliipenda. Lakini sehemu kubwa ya benzoli ni benzeni, kemikali ambayo tangu mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walikuwa wameona kwamba huharibu damu ya wafanyakazi wanaoivuta kila siku. Leo inafahamika wazi kuwa husababisha saratani ya damu.

Pombe nayo iliingia sokoni. Mwaka 1928 madereva wa Uingereza walianza kuuziwa Cleveland Discol, petroli iliyochanganywa na pombe, na mafuta hayo yaliendelea kuuzwa hadi miaka ya 1960. Kwa hiyo E10 ya mwaka 2021 haikuwa jambo geni kabisa katika nchi hiyo. Miaka mitatu baada ya Discol kuanza kuuzwa, mwezi Oktoba mwaka 1931, kiwanda cha magari cha Ford kilianza uzalishaji mjini Dagenham, jirani na Barking, na eneo zima likafungamana na gari na mafuta yake.

Hata hivyo, aliyeshinda katika ushindani huo alikuwa risasi. Nchini Marekani, mwezi Desemba mwaka 1921, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali yenye risasi kinatosha kuondoa kugonga kwa injini. Midgley aliijua vizuri njia ya pombe, kwani miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameendesha gari kwa petroli yenye pombe asilimia 30. Lakini pombe ilihitajika kwa wingi, na kila mkulima angeweza kuitengeneza. Risasi ilihitajika kidogo tu, na kampuni iliweza kuimiliki kwa hataza.

Dalili za hatari zilionekana tangu mwanzo. Mwezi Oktoba mwaka 1924, katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kemikali hiyo walipatwa na wazimu. Watano walikufa na wengine zaidi ya 30 walilazwa hospitalini. Midgley aliitisha waandishi wa habari akanawa mikono kwa kemikali hiyo mbele yao ili kuthibitisha kwamba ni salama. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa maradhi ya kazini, alipinga vikali katika mkutano wa serikali uliofanyika mwezi Mei mwaka 1925. Hakusikilizwa, na biashara ikaendelea.

Miaka sitini ya moshi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Ukuta huo uligharimu vizazi viwili. Risasi iliyotoka katika mabomba ya moshi ilitua barabarani, katika viwanja vya shule na majumbani, ikaingia katika damu ya watoto na kudhoofisha ubongo wao.

Nchini Uingereza kampeni ya kudai petroli isiyo na risasi ilipamba moto mwaka 1982. Mwaka uliofuata, Tume ya Kifalme ya Uchafuzi wa Mazingira ilipendekeza risasi iondolewe katika petroli, na serikali ikakubali. Hata hivyo, uuzaji wa kawaida wa petroli ya risasi ulikoma mwishoni mwa mwaka 1999. Tangu tarehe 1 Januari 2000, kiwango cha juu cha benzeni katika petroli ya Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwemo wakati huo, kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 1.

Barani Afrika nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana katika mkutano wa Dakar mwezi Juni mwaka 2001 kuiondoa risasi. Kufikia tarehe 1 Januari 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwa miongoni mwa nchi zilizoacha. Ni ushindi mkubwa wa afya ya umma ambao haukupigiwa ngoma sana.

Ilipoondolewa risasi, swali la kale lilirudi: kitu gani kichukue nafasi yake? Marekani ilitumia kwa wingi kemikali iitwayo MTBE. Ilisafisha moshi kwa kiasi fulani, lakini ilivuja kutoka matangi ya chini ya ardhi na kuingia katika maji. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulilazimika kufunga visima vyake vingi. Hapo ndipo ethanoli ilipopata nafasi yake pana nchini humo.

Pombe yarejea, kupitia mashamba ya miwa

Nchi za kusini zilikuwa zimetangulia. Brazil ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa pombe ya magari mwezi Novemba mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta kupanda. Zimbabwe ilifuata mwaka 1980 kwa kiwanda cha Triangle, na Malawi mwaka 1982 kwa kiwanda cha Dwangwa.

Nchini Kenya, kiwanda kilijengwa Muhoroni, katika ukanda wa miwa wa magharibi, na kikaanza kuzalisha pombe kutokana na molasi mwaka 1982. Kwa takriban mwongo mmoja pombe hiyo ilichanganywa na petroli iliyouzwa nchini humo, kabla ya mpango huo kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za bei na faida. Uganda nayo ilipata sheria ya mafuta yatokanayo na mimea mwaka 2020.

Uingereza iliwalazimisha wauzaji wa mafuta kuanza kuchanganya nishati ya mimea kuanzia tarehe 15 Aprili 2008. Kwa miaka mingi petroli ya kawaida ilikuwa E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, hadi E10 ilipochukua nafasi yake. E5 ilibaki kwa ajili ya magari na pikipiki za zamani ambazo mipira na vyuma vyake haviwezi kuhimili pombe nyingi.

Madhara yake kwa mwili

Je, pombe imeifanya petroli kuwa salama? Wataalamu wa afya wanajibu kwamba sivyo. Katika kila lita 10 za E10, angalau lita 9 ni petroli ileile ya siku zote. Benzeni imo, ingawa imepungua. Mwezi Machi mwaka 2025, jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka petroli ya magari katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, likitaja saratani ya kibofu cha mkojo na aina moja kali ya saratani ya damu.

Mvuke wake ukivutwa huleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Katika chumba kilichofungwa huweza kumpoteza mtu fahamu. Ikigusa ngozi kwa muda mrefu huikausha na kuichubua.

Hatari kubwa zaidi imo katika jambo ambalo mafundi na madereva wengi wa Afrika Mashariki hulifanya bila kuliwazia: kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Funda dogo tu likipita njia isiyo yake na kuingia mapafuni huweza kusababisha homa kali ya mapafu na hata kifo. Aliyemeza petroli hatakiwi kutapishwa, kwa kuwa katika kutapika ndipo mafuta huingia mapafuni. Maziwa pia si dawa yake. Dawa ni kumkimbiza hospitalini.

Ethanoli yenyewe huongeza mambo mawili. Kwanza, ikichanganywa kwa kiasi kidogo huifanya petroli itoe mvuke kwa urahisi zaidi. Pili, inapoungua injini huweza kutoa kwa wingi zaidi kemikali ya asetaldehidi, inayowasha macho na koo. Ikumbukwe pia kuwa pombe iliyoko katika petroli haiwezi kunyweka, hata ikitengwa, kwani hubaki na benzeni na kemikali nyingine za mafuta.

Moto nao haujapungua makali. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na kutafuta jiko au sigara iliyoko mbali. Mwezi Machi mwaka 2012, Waingereza walipohofia mgomo wa madereva wa malori ya mafuta na kuanza kujiwekea akiba, mwanamke mmoja mjini York aliungua vibaya alipokuwa akihamisha petroli kutoka chombo kimoja hadi kingine jikoni, karibu na jiko lililokuwa likiwaka.

Maji ndani ya dumu

Ugeni halisi wa petroli yenye ethanoli hujitokeza inapokaa. Petroli na maji havichangamani, lakini pombe huyapenda yote mawili. Dumu lisilofungwa vizuri huvuta unyevu wa hewani, na pombe huuhifadhi. Maji yakizidi takriban nusu ya asilimia moja ya mchanganyiko, na mapema zaidi wakati wa baridi, pombe huiacha petroli, hujiunga na maji na kuzama chini. Dumu huwa na tabaka mbili: juu petroli iliyopungua nguvu, chini mchanganyiko wa maji na pombe unaokula vyuma.

Ndiyo maana hushauriwa kwamba mafuta haya yasikae zaidi ya miezi michache katika mashine ya kukata nyasi, jenereta au mashua. Na ndiyo maana watu wengi zaidi hujikuta na petroli mbovu wasiyojua pa kuipeleka.

Wapo wenye magari ya kale ambao huongeza maji kwa makusudi ili kuitoa pombe katika petroli. Tabaka la chini linalobaki huonekana kama maji tu. Si maji. Limebeba pombe kali na sehemu ya sumu za petroli, linaweza kuwaka, na kulimwaga katika sinki ni sawa na kumwaga petroli yenyewe.

Likimwagwa ardhini madhara yake ni ya aina nyingine. Vijidudu vya udongoni hupenda kula pombe kuliko mafuta. Huishambulia pombe kwanza na kumaliza hewa ya oksijeni iliyopo, na benzeni, ambayo wangeweza kuipunguza, huachwa isafiri mbali zaidi na maji ya ardhini. Kwa jamii inayokunywa maji ya kisima, jambo hilo si dogo.

Mfereji unapolipuka

Mwezi Aprili mwaka 1992, wakazi wa mtaa mmoja wa jiji la Guadalajara, Mexico, walilalamika kwa siku kadhaa kwamba mifereji yao ilinuka petroli. Bomba la mafuta lilikuwa limetoboka na kuvuja hadi katika mfereji wa majitaka. Asubuhi ya tarehe 22, mitaa kadhaa ililipuka kutoka chini. Watu zaidi ya 200 walikufa.

Afrika Mashariki ina jeraha lake la namna hiyo. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka katika bomba la mafuta jijini Nairobi iliingia katika mtaro wa maji ya mvua na kutiririka hadi mtaa wa mabanda wa Sinai. Watu walitoka na ndoo na madumu kuyachota mafuta hayo. Moto ulipozuka, uliwaka mtaroni na juu ya maji, na takriban watu 100 waliteketea. Miaka miwili kabla, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilikuwa limeua idadi kubwa kama hiyo huko Sachangwan, karibu na Molo. Tarehe 2 Julai 2010 msiba uliikumba Sange, mashariki mwa Kongo, ambako zaidi ya watu 200 walikufa. Na tarehe 10 Agosti 2019 ilikuwa zamu ya Morogoro, nchini Tanzania.

Katika misiba hiyo yote, petroli iliyokwisha kutoka ndani ya chombo chake ilionekana kama kitu kisicho na mwenyewe. Sinai na Guadalajara zinaongeza jambo moja: mtaro haukuyaondoa mafuta. Uliyapeleka kwa jirani wa upande wa chini.

Sheria, na njia iliyo salama

Barking ilikuwa jirani wa upande wa chini kwa muda mrefu, na sheria za Uingereza zimebeba kumbukumbu ya hali hiyo. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1936 ilikataza petroli kuingizwa katika mifereji ya umma ya majitaka. Barking, ambayo wakati huo ilikuwa bado katika mkoa wa Essex, haikuingizwa katika London Kuu hadi mwaka 1965. Katazo hilo lilirithiwa na Sheria ya Sekta ya Maji ya mwaka 1991, ambayo ingali inatumika. Sababu zake ni wazi: mvuke huweza kulipua mfereji na kuwaua wafanyakazi waliomo, na mafuta huua vijidudu ambavyo mitambo kama Beckton huvitegemea kusafisha maji. Mifereji ya barabarani nayo si kimbilio, kwani katika sehemu nyingi za nje ya London huelekea moja kwa moja mtoni.

Kuhusu kuhifadhi, kanuni za mwaka 2014 zinamruhusu mtu nyumbani kuweka petroli isiyozidi lita 30 bila kutoa taarifa kwa mamlaka, katika vyombo maalumu: dumu la plastiki lisizidi lita 10, la chuma lisizidi lita 20. Chupa za soda na za maji hazimo katika orodha hiyo. Mtoto hajui kusoma kilichoandikwa. Huona chupa, akanywa.

Kuhusu kuitupa, hatua zinazoshauriwa ni chache na si ngumu. La kwanza ni kununua kiasi kitakachotumika. Petroli iliyokaa kidogo, ingali safi na haijatengana, huweza kuchanganywa na petroli mpya na kutumika katika gari linaloikubali. Iliyotengana, yenye maji au uchafu, isitiwe katika injini tena. Iachwe katika chombo chake halisi, kifungwe, kiandikwe wazi, na kiwekwe nje ya nyumba mbali na moto.

Kisha mwenye nayo awasiliane na halmashauri ya eneo lake kabla ya kuibeba kwenda popote. Barking ina kituo cha taka cha Jenkins Lane, jirani kabisa na mtambo wa Beckton, lakini si kila kituo cha taka hupokea petroli, na kuiacha mlangoni ni kuwatia hatarini wafanyakazi. Halmashauri ndiyo inayoeleza ni kituo gani au mkandarasi gani mwenye kibali cha kuipokea. Mahali ambapo hakuna huduma kama hiyo, gereji inayokusanya mafuta machafu au muuzaji wa mafuta mwenye leseni ndiye wa kuulizwa kwanza.

Iliyomwagika kidogo hufunikwa kwa mchanga au udongo mkavu, na mchanga huo nao huwa ni taka ya hatari. Nguo zilizolowa zivuliwe mbali na moto, na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Haichomwi uani, wala haiachwi wazi ili ikauke juani, kwa sababu kinachokauka ni mvuke unaovutwa na majirani.

Msikilizaji, miaka mia moja iliyopita wahandisi waliuliza swali moja tu kuhusu kila kiungo cha petroli: je, injini inakipenda? Benzoli ilifaulu mtihani huo, risasi ikafaulu, MTBE ikafaulu, na ethanoli nayo imefaulu. Swali la pili, kwamba kinakwenda wapi kikishatoka katika injini, dumu au bomba, liliulizwa kila mara kwa kuchelewa, na waliolijibu walikuwa watoto waliovuta moshi, wenye visima vilivyofungwa na wakazi wa mitaa iliyo mwisho wa mtaro. Watu wa Barking waliliuliza serikali yao miaka ya 1860. Dumu la petroli mbovu lililoko nyuma ya nyumba, iwe London, Mombasa au Bukavu, linamtaka mwenyewe alijibu kabla hajaliinua.